Bata Aliyesahau Kumwamkia Mama Yake

Huyu bata namfahamu. Mjukuu wangu amekuja naye likizo kutoka Dar es Salaam, ndani ya kitabu chenye kurasa za kung'aa, na wazazi wake wamenipigia simu kunielekeza: nimsomee mtoto kila siku kabla hajalala, maana ni hadithi ya kumfundisha kujiamini. Nimekifungua. Nikamkuta yuleyule, na manyoya yake ya kijivu na shingo yake ya kuombea huruma, amesimama kando anawatazama wenzake kwa jicho la kulaumu. Wamembadilishia rangi tu.

"Loo," nikamwambia, "weye bado hujafa?"

Mjukuu akacheka, akadhani hadithi imeanza. Haijaanza. Mie siwezi kuisoma hadithi hii kwa sauti tamu ya redioni, kwa sababu bata huyu alikaribia kumnyang'anya mama yangu mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi.

Alifika kijijini kwetu mwaka ule tuliohamishwa. Kabla ya hapo tulikuwa tukikaa ndani huko, nyuma ya Kilangala, kila nyumba na mikorosho yake, na ukitaka kumsalimia jirani ujiandae kutoka jasho. Ikaja Operesheni. Tukaambiwa tukae pamoja kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama gwaride, tulime shamba moja na tuitane ndugu. Malori yakaja kupakia vitanda, vinu na majamvi. Mama yangu akagoma kupanda. Alikuwa na kuku ameatamia, na alisema haondoki mpaka kuku huyo apandishwe na tenga lake lilelile, na asitikiswe. Dereva akamtukana mama. Mama akamtukana dereva, na katika hilo dereva alikuwa bado mwanafunzi. Kuku akapanda. Alisafiri mapajani mwa mama mpaka kijiji kipya, na mayai yote yakaanguliwa, hakuna hata moja lililotoka viza. Nayasema haya ili ujue mama yangu alikuwa mtu wa namna gani katika mambo ya kuatamia.

Na mwalimu naye akaletwa. Kijana wa bara, suruali yake pana chini ikifagia vumbi lote la kijiji bila kulipwa. Alikuja na sanduku la vitabu vilivyotolewa na marafiki wa nchi yetu huko ng'ambo, watu ambao hatukuwajua na wao hawakutujua, lakini walikuwa na hakika tunachohitaji ni bata. Kitabu kilikuwa kimoja na sisi darasa zima, kwa hiyo alikinyanyua juu akatuonyesha picha, mkono ukienda kulia na kushoto kama muuza vitambaa mnadani. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya Kiswahili safi kabisa, kile ambacho hakuna mtu anayekizungumza akiwa na njaa.

Picha zenyewe! Mama bata amejifunga kilemba. Kuku amevaa aproni. Paka amevaa miwani, ananusa maua. Halafu uwanja mzima mweupe pe, na miti imevaa weupe. Mwalimu akasema hiyo ni barafu, huko inashuka kutoka mbinguni. Barafu tulikuwa tunaijua, iliuzwa Lindi mjini, inatiwa rangi nyekundu na kuchomekwa kijiti. Tukamuuliza ni nani anayeimwaga bure. Akatuambia tunyamaze.

Hadithi ni kwamba mama bata aliatamia, likatoka yai moja kubwa, na kifaranga wake hakufanana na wenzake. Wakamcheka. Wakamdonoa. Akakimbia, akapigwa na baridi, akaonewa na kila mwenye mdomo, mpaka siku moja akajitazama ndani ya maji akaona kumbe yeye ni ndege mweupe, mzuri, wa kabila la juu. Wakaja ndege weupe wenzake wakamwinamia. Akaruka nao. Mwisho. Mwalimu akafunga kitabu, macho yamemlowa. Mwanamume mzima.

Halafu ndugu yangu, mtoto wa mama, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwenye kuku alikuwa wapi?"

"Mwenye kuku yupi? Ni bata."

"Mwenye bata basi. Hakuyatia alama mayai?"

Watoto wote wakaitikia, maana ndilo swali lililokuwa kooni mwetu. Kwetu, mwanamke akitaka kumwatamisha kuku hapanguzi mikono tu akaenda zake. Anapitisha kidole kwenye masizi chini ya chungu, anatia doa kwenye kila yai alilolichagua. Kuku mwingine akija kutagia humohumo, yai lisilo na doa linajulikana, linatolewa. Na watu wakiokota porini mayai ya kanga, yule ndege wa madoadoa, huyatia chini ya kuku kwa makusudi, na doa lake juu. Yakianguliwa hakuna anayeshangaa. Kifaranga ana miguu ya kukimbia kimbia hovyo, tunamcheka, tunamwita majina, halafu tunamtupia chenga za mchele pamoja na wenzake. Kumcheka si kumfukuza. Kwetu sisi usiyechekwa ndiye mgeni. Sasa hicho kijiji cha kwenye kitabu, mtu anaatamisha ndege wake hajui amemwekea nini, kisha kifaranga akitoka wanamshangaa kana kwamba ameshuka na ile barafu. Watu gani hao?

"Hiyo ni hadithi ya mfano," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imeingia mchanga. Akageuza macho atafute pa kuyapumzisha, yakanikuta mimi.

Lazima nieleze. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote, mwembamba, shingo ndefu, na rangi yangu haikuwa rangi ya nyumbani kwetu. Sababu ilijulikana na kila mtu. Mama alinilea, hakunizaa. Miaka ya nyuma, alipokuwa akikaa na mumewe, aliyefariki kabla hatujahamishwa, kwenye kambi ya wakata mkonge upande wa Mitwero, mwanamke wa jirani, mgeni kutoka mbali, alijifungua mimi akafariki. Mama alikuwa na mtoto mchanga, huyu ndugu yangu. Akanichukua akaniweka upande wa pili. Yeye ziwa la kulia, mimi la kushoto, na mama alikuwa akisema hadi uzeeni kwamba la kushoto ndilo lililochoka zaidi. Aliyenizaa, karani wa shamba, alikuja mara moja kunitazama. Akasema mtoto mwenyewe huyu hatapona. Akaacha kipande cha sabuni ya kufulia, akaenda zake, na shamba lilipodorora akahama kabisa. Hiyo sabuni ndiyo malezi yote niliyopata kwake.

Basi haikuwa siri. Watoto waliniita Kanga na nilikuwa nikiitika. Bibi yangu, mama yake mama, aliniita mke mwenzake na kuniambia kwa miguu ile nitamkimbiza babu mpaka kaburini. Hayo ndiyo maisha. Lakini mwalimu aliyasikia yale masimulizi, akaitazama shingo yangu, akakitazama kitabu, akaona amegundua dunia.

"Simama," akaniambia. Nikasimama. "Mnamwona huyu? Huyu si wa kwenu. Huyu ni ndege wa maji mengine. Iko siku jamaa zake watakuja, na nyinyi mliomcheka mtabaki mnatazama juu."

Alikuwa na nia njema. Mie watu wenye nia njema nawaogopa kuliko nyoka, maana nyoka akikuuma hategemei umshukuru. Nikakaa, masikio yananichoma. Ndugu yangu akaninong'oneza, "Hayo mabawa utaota saa ngapi? Maana leo zamu ya maji ni yako."

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama hewani.

"Amesema si wa kwetu?"

"Ndiyo."

"Yeye ni wa wapi?"

"Wa bara."

"Mmh," akasema mama. "Basi yeye ndiye anayetujua." Akautua mchi kwa nguvu, mahindi yakaruka nje ya kinu, na hakuyaokota. Mama yangu, asiyeacha punje chini, hakuyaokota. Hapo ndipo nilipojua kuwa ameogopa.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mwisho wa mwezi mwalimu alikwenda Lindi kuchukua mshahara, akaketi mkahawani, na badala ya kunywa chai akanyamaza kama watu, akaisimulia habari yangu. Yatima mwenye shingo ndefu, aliyetupwa kwa watu wa vichakani, mkonge wa Mitwero, mama mgeni, karani aliyepotea. Aliisimulia kama hadithi ya kitabuni, na inavyoonekana aliisimulia vizuri, maana kwenye meza ya pili palikuwa na mtu mmoja aliyeacha kikombe chake kipoe. Karani mwenyewe. Siku hizo alikuwa amepanda cheo, ana ofisi, ana mke, na hana mtoto.

Alikuja siku ya Alhamisi, gari la serikali likamshusha na kuondoka. Suti ya kazini, mikono mifupi, mifuko minne, peni kwenye mmoja. Alikuwa na shingo yangu. Sitaficha, kuiona ile shingo juu ya kola ya mtu mwingine kulinishtua. Mkononi alishika boksi la viatu, vyeusi, vya kufunga kamba, na sikatai kwamba nilivitaka. Mtoto gani wa kijiji kile asingevitaka?

"Shikamoo," nikamwambia, kama nilivyofunzwa kumwambia mkubwa yeyote.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akalivuta lile neno, mwanangu, kwa raha, kama mtu anayejaribu shati dukani.

Mama akatoka ndani. "Karibu, mgeni," akasema.

"Dada yangu, mimi si mgeni. Mimi ndiye..."

"Najua weye ndiye. Karibu, mgeni. Keti, unywe maji."

Kwetu mgeni ni mgeni, hata awe amekuja kukung'oa meno. Mama akachinja jogoo. Akapika wali wa nazi na mchuzi, na mchuzi ule ulikuwa chumvi tupu. Sijapata kumwona mama akikosea chumvi, si kabla wala baada. Sisi watoto tuliuonja tukatazamana. Mgeni akala, akajifuta midomo, akasema, "Mtamu sana." Nikajua papo hapo kuwa mtu huyu anaweza kusema uongo wowote huku anatabasamu. Usiku akaenda kulala kwa mwalimu, wakazungumze mambo ya wasomi.

Kesho yake Ijumaa, baada ya sala, watu wakakusanyika uwanjani kwetu. Mwalimu alikuja na kitabu. Wallahi, alikuja nacho kwapani, kama wakili na sheria zake. Shehe wa kijiji, mzee mpole aliyetusomesha Kurani sote, akaketishwa kwenye kiti pekee chenye egemeo.

Mgeni akaanza. Alisema kwa ufasaha, maana ndiyo kazi yake ofisini. Alisema zamani alikuwa kijana na hakuwa na uwezo. Alisema sasa Mungu amemjalia, ana nyumba ya bati na sakafu, na mtoto atasoma, atavaa, atakula siagi. Alimshukuru mama kwa kumtunzia. Kumtunzia! Kama aliyeacha baiskeli.

"Na mwisho, dada yangu," akasema, "damu ni nzito kuliko maji."

"Maji?" mama akauliza. "Nani alimpa maji? Mie nilimpa maziwa."

Wanawake waliokuwa ukutani wakaguna wote kwa pamoja. Hapo mwalimu akaona wakati wake umefika, akasimama, akakifungua kitabu ukurasa wa mwisho, akawaonyesha wazee ile picha ya ndege weupe. Akaisoma yote, kwa sauti. Akaeleza kuwa hata wataalamu wa huko wanakubali, ndege hatimaye hurudi kwa ndege wenziwe, na kumzuia ni kumdhulumu. Wazee walikishika kitabu kwa zamu, kwa heshima, mmoja akakishika juu chini. Shehe akazisifu rangi.

Mama alisubiri kifike kwake. Hakuwa anajua kusoma, ila picha zilikuwa na macho naye anayo yake. Akazifungua moja moja, kutoka mwanzo, polepole mpaka watu wakaanza kujikuna. Akafika mwisho, akarudi nyuma, akafika tena mwisho.

"Mwalimu," akasema, "huyu mwenye kilemba, mama yake, yuko wapi huku mbele?"

"Hayupo hapo, mama. Ye alikuwa mwanzoni."

"Namwona mwanzoni. Ameatamia mpaka kifua kimenyonyoka. Wenzake wametoka yeye ameketi tu, anangoja hilo yai kubwa. Nauliza huku mwisho. Mwanawe ameshakuwa mzuri, amepata jamaa, anaringa majini. Hakurudi hata kumwambia shikamoo?"

"Hadithi haikusema."

"Mmh." Akakifunga, akamrudishia kwa mikono miwili. "Basi nyie mmekosa adabu mpaka kwenye vitabu." Kisha akaongeza neno la Kimwera ambalo sitaliandika, na waliolielewa wakainamisha nyuso.

Shehe akakohoa. Akasema damu ina hukumu yake na ziwa lina hukumu yake. Aliyemzaa ni baba, hakuna wa kumvua, na aliyemnyonyesha ni mama, hakuna wa kumvua. Lakini mtoto huyu si mchanga, ameshapambanua jema na baya, na mtoto wa umri huo huulizwa mwenyewe akae kwa nani. "Alale na neno hili," akasema. "Kesho asubuhi nitamuuliza."

Hapo pumzi zilimtoka mama. Nilikuwa karibu naye, nilizisikia. Nilijua anachokiona: viatu vile, sakafu ya saruji, siagi, na mimi mtoto wa kike ninayechota maji kisimani na kulala jamvi moja na ndugu yangu. Alijiona ameshashindwa.

Jioni jirani mmoja alikuja kumshauri. "Mfiche," akasema. "Mpeleke kwa ndugu zako huko ndani, useme amekimbia. Mwanamume huyo ataondoka, ana ofisi yake." Mama alikuwa anawaita kuku wake. Katika kuku wale walikuwamo kanga aliowaangua mwaka ule, wakubwa tayari, wamekaa juu ya paa. Majirani wote hukata kanga wao manyoya ya mabawa, wasije wakarudi porini. Mama peke yake hakukata.

"Mie siwakati mbawa," akasema. "Akitaka kwenda ataniona nimesimama hapa." Halafu akaingia ndani, akajifanya anatafuta kiberiti, na akakitafuta muda mrefu sana kwa kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Hakuniambia neno. Hata ndugu yangu, mdomo mpana kama ungo, hakunitania jioni ile, na hilo ndilo lililonitisha. Nilihisi kana kwamba nimeshaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Watu wote walipitia kwetu na majembe begani, kwanza wasikie jibu ndipo waende kulima. Mgeni alikuja na viatu mkononi, nje ya boksi, ili nivione vizuri. Mwalimu nyuma yake, uso umenawiri. Shehe akaketi. Mama akasimama mlangoni, kaniki yake imefungwa kifuani, jembe lake limeegemea ukutani karibu naye.

"Mwanangu," shehe akaniambia, "huyu ni baba yako aliyekuzaa. Huyu ni mama yako aliyekunyonyesha. Kwetu hakuna kukulazimisha. Sema utakaa na nani."

Nikafungua mdomo. Sauti haikuja. Sijui watoto wa kwenye vitabu wanapata wapi maneno. Macho yote yalikuwa kwangu, na nilichokiona mimi ni yale majembe, yamejaa uwanja mzima, kila mtu na lake, na mtu mmoja tu mikono yake ina viatu. Nikakumbuka methali aliyotuimbisha mwalimu mwenyewe, kila Jumatatu, katika somo la kujitegemea, tukiipigia makofi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi.

Nikaenda pale mlangoni. Nikalichukua jembe la mama. Nikarudi nikapiga goti, vilevile ninavyopiga nikimpa mgeni maji ya kunawa, nikaliweka mbele ya miguu ya baba yangu, mpini umeelekea kwake.

Halafu bibi yangu akapiga kelele moja, "Eeeh! Mke mwenzangu!" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakaegemea majembe yao. Si kicheko cha ubaya. Ndicho kicheko kilekile walichonicheka mimi miaka yote, na sasa walikuwa wanampa yeye, bure, apande ndani yake akae.

Na hapa nataka nieleweke. Angelishika lile jembe, hata kwa aibu, akakunja suruali akaenda na watu mpaka shambani akalima hatua moja mbaya ya kupinda, mama asingekuwa na la kusema. Nami nisingekuwa nalo. Wangemwita jina baya, wangemcheka anavyolima, na jioni angekula mchuzi wenye chumvi ya kutosha. Leo ningekuwa na baba. Mlango ulikuwa wazi mpaka kwenye bawaba.

Alilitazama jembe. Akazitazama soksi zake. Akasema, "Mimi ni mtumishi wa serikali," akaviweka viatu juu ya jiwe, akatembea kwenda barabarani kungoja gari. Mwalimu alimfuata akimweleza kitu kwa mikono. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na ile shingo kutoka nyuma ilikuwa shingo yangu kabisa, na niliumia. Naweza kumdharau mtu na bado nikaumia. Sikumwona tena.

"Mtoto amejibu," shehe akasema, akainuka.

Mama alikuja akaliokota jembe, akalipangusa vumbi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyajali. "Hili ndilo jembe langu zuri," akanifokea. "Ungempa lile bovu!"

Nikamuuliza nivifanyie nini viatu. Akavitazama, akavipindua, akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Sabuni yake tuliitumia," akasema. "Na hivi tutavitumia."

Mwalimu alikaa kwetu mpaka alipohamishwa, na hadi anaondoka alikuwa akiwaambia watu kwamba wananchi wa kule hawajafikia kiwango cha kuelewa fasihi. Kitabu chake kilibaki kabatini shuleni. Mchwa walikila, wakianzia upande wa barafu.

Mimi nilivaa vile viatu nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, mbali, huko kwa kina mwalimu. Majirani wakaanza upya. Sasa ndiyo anaruka, walisema, umelea mpaka mwisho, ameota mbawa, hutamwona. Mama aliwaacha waseme. Siku ya kuondoka tulisimama barabarani tukingoja lori, mimi na gauni jeupe la shule lililopigwa pasi ya mkaa, sanduku la bati miguuni. Lori likaonekana. Mama akasema ngoja, akageuka, akakimbia nyumbani, mwanamke wa makamo yake, na mimi nikamkasirikia kwa kuwa dereva alikuwa tayari anapiga honi.

Akarudi anahema. Akanishika kidevu mbele ya abiria wote, akaniinamisha shingo yangu ndefu, na kwa kidole kilichojaa masizi ya chini ya chungu akanitia doa katikati ya paji la uso.

"Haya, nenda," akasema.

Sikulipangusa. Nilisafiri nalo siku nzima, vumbi likaliongezea. Mlezi wa bweni aliponipokea, mama mmoja msafi mwenye saa ya mkononi, aliuliza huu uchafu usoni ni nini. Nikamwambia mwenye kuku ametia alama. Aliniandika kuwa mkaidi.

Mjukuu wangu amesinzia kabla hatujafika ukurasa wa mwisho, na ni afadhali. Kesho akiuliza ilikwishaje, sitamsomea. Nitamwambia kwamba likizo ilipofika lori lilinishusha palepale barabarani, nikamkuta mama amesimama uani na ungo wa pumba, kuku na kanga wamemzunguka miguuni. Nikatua sanduku. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaninyanyua uso akautazama, akanipitisha kidole gumba pajini, pale kati. "Alama imefutika," akasema.

"Imefutika, mama."

"Haidhuru. Ingia ule."